Marehemu Taratibu na Lori Lake Afande

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi naye ghalani, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kumsindikiza. Kabla maisha ya marehemu hayajaelezwa, familia inaomba jambo moja lieleweke. Mkimtafuta mjane kwenye kiti alichowekewa mbele, hamtamwona. Yupo pale langoni mwa makaburi, ndani ya kabini ya lori lililomleta mumewe, mguu wake ukiwa juu ya breki. Dirisha liko wazi na anasikia kila neno. Lori limesimama kwenye mteremko, breki yake ya mkono haijakamilika, na jeneza bado liko juu yake. Mawe yamewekwa kwenye magurudumu, na kaka wa mjane ameyakagua na kuyakagua tena. Lakini mjane alisema, "Mawe yawekwe. Na mimi niwepo." Wanaomjua hawakubishana naye. Kwa nini awe yeye, maisha ya marehemu yataeleza yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1958, asubuhi ya mvua, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majengo, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Mama huyo alisimulia mpaka uzeeni kwamba mimba ile ilipitiliza. Mkunga alikuja akarudi, akaja tena akarudi. Safari ya tatu alivua viatu, akakaa, akasema, "Huyu hana haraka. Nileteeni chai."

Alianza shule ya msingi Januari 1966, umbali wa dakika chache kutoka nyumbani, na bado alikuwa wa mwisho kufika kila siku. Mwalimu mkuu alichoka kumchapa. Akaona dawa yake ni kumkabidhi kengele, ili alazimike kuwahi kuliko wote. Kengele yenyewe ilikuwa ringi la gurudumu lililoning'inizwa kwenye boriti ya baraza, la kugongwa kwa nondo. Marehemu aliwahi kweli, tangu siku ile hakuchelewa tena. Lakini aligonga mara moja, akasubiri, halafu ndipo akagonga ya pili. Katikati hapo wachelewaji wote walipata nafasi ya kupenya langoni. Mwalimu mkuu alimwita. "Wewe, unagonga kengele au unawaza?"

"Nagonga, Mwalimu. Nikigonga ya kwanza, nasubiri wasikie. Ndipo nagonga ya pili, waamini."

Alibaki na kengele hiyo mpaka alipomaliza mwaka 1973. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, kisha baba yake akaanguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akavunjika nyonga. Marehemu aliacha shule bila kuambiwa na mtu, akachukua brashi na ndoo za baba yake. Mama yake alilia. Yeye alisema rangi hukauka, na shule itakuwepo. Shule ilikuwepo, ila hakurudi.

Mwezi Septemba 1979 aliajiriwa katika ghala la vioo karibu na barabara ya viwanda, kwanza kama mpakiaji, baadaye kama dereva wa foklifti. Huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo. Wapakiaji walikuwa wakibeba kioo kikubwa kama ukuta, wawili mbele na wawili nyuma, na yeye akitembea kando yao bila kuacha kusema, "Taratibu. Taratibu, jamani. Taratibu." Jina likamganda. Hata mshahara ulipotoka, mhasibu aliita "Taratibu!" na ndiye aliyesimama. Watu walimtania kwamba foklifti yake ikipitwa na kobe, kobe anaomba radhi. Alicheka nao. Mliofanya naye kazi mnajua vioo vilivyopita mikononi mwake, na mnajua pia kwamba hakuna mtu aliyekatwa akiwa zamu moja naye.

Mkewe alimpata kwa sababu ya kioo. Mwaka 1989 alikuja ghalani binti mmoja mshona nguo kununua kioo cha wateja kujitazamia. Alikuwa na wasiwasi mwingi. Hakutaka kiwekwe kwenye gari, akidai barabara ina mashimo. Hakutaka mkokoteni, akidai mwenye mkokoteni amelewa. Mwishowe Taratibu aliomba ruhusa, akakiinua kile kioo mwenyewe, akakibeba kwa miguu mpaka chumba cha ushonaji, binti akimfuata nyuma bila kupepesa macho. Kwenye kona aligeuka.

"Dada, unanitazama mimi au kioo?"

"Kioo. Wewe ukivunjika utapona."

Alikifikisha salama. Kesho yake alirudi kuuliza kioo kinaendeleaje. Kesho kutwa akarudi tena. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1990, na kioo hicho kiko ukutani mpaka leo, kimeliwa kidogo na unyevu pembeni.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Kifungua mimba ni binti, leo fundi umeme wa majumba. Kitinda mimba ni wa kiume, leo kinyozi, na ndiye anayewasomea haya. Katikati yao alikuwepo mtoto wa kike aliyeishi miezi mitatu tu. Tangu msiba huo mkewe hakuweza kupita karibu na mtoto aliyelala bila kuinama asikilize pumzi yake. Wengine walimwambia anazidisha. Taratibu hakumwambia hivyo hata siku moja. Akimwona ameinama juu ya kitanda, alikuwa akienda kuinama naye, wakasikiliza wote wawili, kisha anasema, "Anapumua, Mama. Twende." Alifanya hivyo mpaka watoto wakawa wakubwa wa kuona aibu.

Sasa Afande.

Nyuma ya ghala la vioo palikuwa na lori la zamani la jeshi. Lilikuwepo kabla ya marehemu kuajiriwa. Jeshi lililiuza, mwanzilishi wa ghala akalitumia kubebea mchanga, likamshinda, akaliegesha, naye akafa akaliacha. Majani yaliota yakatokea kwenye sakafu ya kabini, paka wakazalia kwenye kiti. Kwa miaka yote ya kazi yake, Taratibu alikula chakula chake cha mchana akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa lori hilo. Mwezi Mei 2018 alipostaafu, wenzake waliotangulia walikuwa wamepewa kila mmoja kioo cha ukutani chenye fremu ya kuchonga. Meneja alimuuliza anataka kioo cha umbo gani.

"Naomba lile lori," akasema.

"Lori lipi?"

"Lile mnalotaka kulikata liwe chuma chakavu."

Lililetwa nyumbani likiwa limevutwa, matairi yote yamekaa chini, na ilibidi geti ling'olewe ndipo lipite. Mkewe alisimama barazani mikono kichwani. "Baba," alisema, "kioo tungekitundika. Hili tutalitundika wapi?"

"Hili halitundikwi, Mama. Hili linaamshwa."

Kaka wa mkewe alipofika jioni alilizunguka mzunguko mzima ndipo akasalimia. "Shemeji, mmetangaza vita na nani? Mniambie mapema nihame." Mjukuu, mtoto wa kifungua mimba, ambaye wakati huo maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, alilipigia saluti na kuliita Afande. Jina likabaki. Kila asubuhi mtoto yule alikuwa akiligonga boneti na kuuliza, "Afande, umekula?"

Tangu hapo Jumamosi za familia hii zilikuwa za Afande. Hakuna aliyelazimishwa. Binti alikuja na begi lake la vifaa, kwa sababu panya walikuwa wameguguna nyaya zote. Siku taa zilipowaka mara ya kwanza iliwaka moja tu, akasema Afande anawakonyeza. Kijana alipewa kazi ya kukwangua rangi. Palikuwa na kijivu, chini yake bluu, chini yake tena kijani kilichofubaa, na alimkwangua kwa uangalifu uleule anaounyolea watu. "Mteja huyu ndiye mwenye adabu kuliko wote," alisema. "Hasemi punguza pembeni." Injini aliifungua Taratibu mwenyewe, akaitandaza barazani juu ya shuka kuukuu, kila kipande na jirani yake, na ole wake aliyesogeza kitu akifagia.

Mkewe hakukubali upesi. Alishona turubai jipya la nyuma, akavunja sindano akanunua nyingine, akashona na vifuniko vya viti. Lakini moyo wake haukutulia. Kila jioni aliinama kuchungulia chini ya lori asije akawepo paka au mtoto, na aliweka jiwe kwenye kila gurudumu, ilhali lori halina injini na uwanja ni tambarare. Taratibu alimtazama akihangaika na mawe.

"Mama, huyu hata akitaka kutoroka, atatoroka na nini?"

"Ndivyo wanavyoanza."

Kazi iliyomfanya awe mtu wa Afande kabisa ilikuwa breki. Upepo ukiingia kwenye bomba za breki, lori halishiki, na kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine hulala chini ya lori, akalegeza skrubu ndogo kwenye gurudumu, mafuta na upepo vikatoka, akaikaza, ndipo anamwambia wa juu aachie. Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi wote ndani na kazi inaanza upya. Kijana alijaribu, simu yake ikaita, akaachia. Binti alijaribu, akataka kuchungulia chini aone inavyofanyika, akaachia. Taratibu alitoka chini ya lori na uso wake umejaa mafuta, akamwita mkewe aliyekuwa akishona. "Mama, njoo. Nataka mguu wako."

Mkewe alipanda kwa woga, akakaa. "Kanyaga!" Akakanyaga. "Shikilia!" Akashikilia. Hapo hapo shemeji akaingia na habari zake, na shemeji akianza habari hamalizi leo. Taratibu alikaza skrubu, akatoka chini, wakaenda kukaa kivulini, chai ikanywewa, habari zikanoga. Alipokwenda kuchukua spana yake ndipo alipoinua macho. Mkewe alikuwa bado amekaa kwenye kabini, mikono imeng'ang'ania usukani, mguu unatetemeka mpaka bega.

"Mama! Bado umekanyaga?"

"Hujaniambia niachie."

Shemeji alicheka mpaka akamwaga chai. Taratibu hakucheka. Alipanda kwenye ngazi ya mlango, akaweka mkono wake kwenye goti la mkewe, akasema taratibu, "Achia." Baadaye aliwaambia watoto kwamba wao wana mikono mizuri, lakini mguu wa kuaminika katika nyumba hii ni mmoja tu.

Jirani yao ni fundi wa mageti, na mashine zake zikinguruma hakuna anayesikia sauti kutoka chini ya lori. Kwa hiyo Taratibu na mkewe waliwekeana ishara ya kugonga chesisi, ile fremu ya chuma ya lori, kwa spana. Kugonga mara moja ni kanyaga na ushikilie. Mara mbili ni achia. Ila mnakumbuka kengele ya shule. Mkono wa Taratibu haukubadilika. Aligonga ya kwanza, akasubiri, na katikati hapo mtu angeweza kudhani amemaliza. Mkewe alijifunza kutodhani. Akisikia moja, alikaa tayari, mguu chini, sikio wazi, mpaka ajue kama ya pili inakuja.

Marehemu alikuwa na desturi ya kuimba puani akiwa chini ya lori. Mwezi Julai 2021 mkewe aliacha cherehani ghafla na kutoka nje, kwa sababu aliusikia ule wimbo umeingia mikwaruzo. Taratibu alisema ni vumbi la rangi. Wiki mbili zikapita, akasema ni mafua. Mkewe hakumwachia, alimng'ang'ania mpaka wakaenda hospitali wote wawili. Palionekana uvimbe kooni, penye sauti. Daktari alieleza kwa upole kwamba ili aishi, sauti itabidi iondoke.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Februari 2022. Mlangoni, kabla hajaingizwa, mkewe alimuuliza, "Baba, unaogopa?"

"Wewe umeshaogopa kwa niaba ya wote wawili. Mimi nimebaki na njaa tu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyotamka kwa sauti yake. Jamaa wengi walikuja kuuliza kama aliacha usia wowote siku ile, wakitarajia jambo zito. Mkewe aliwajibu kwamba alikuwa na njaa.

Aliporudi nyumbani, akipumua kwa tundu lililokuwa shingoni, ishara za chini ya lori zilihamia mezani. Alikuwa na kijiko cha chai mfukoni mwa shati. Akigonga kikombe mara moja, ngoja. Mara mbili, sawa, acha iende. Mgeni akiaga mapema Taratibu aligonga mara moja, na mgeni akarudi kukaa. Siku moja shemeji alikuwa amezungumza mchana kutwa. Aliposimama kuaga kwa mbali, akitegemea kuzuiwa, Taratibu aligonga mara moja. Shemeji akatabasamu, akaanza kuvuta kiti. Ndipo ikaja ya pili.

"Yaani unanifukuza, Shemeji? Kwa kijiko?"

Nyumba nzima ilikufa kwa kicheko, na Taratibu alicheka mabega tu, bila sauti. Mkewe ndipo alipoona kwamba hata kicheko kilikwenda na upasuaji. Aliingia ndani akajifanya anatafuta sukari.

Injini ya Afande iliwaka Agosti 2023. Ilitoa moshi mpaka jirani akafunga madirisha, ikanguruma, ikazima, ikawaka tena ikakubali. Taratibu aliweka kiganja kwenye boneti kama anavyopima mtu homa. Kilichobaki kilikuwa breki za nyuma. Mipira ya kuzuia mafuta ya breki kwenye magurudumu mawili ilikuwa imekufa kwa uzee, mafuta yanavuja, na mipira ya umri ule haipatikani dukani.

Mei 2024 madaktari walisema ugonjwa umeshuka mapafuni. Dawa zingepunguza maumivu, basi. Taratibu aliwasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Walipofika nyumbani alimshika mkewe mkono, akampeleka mpaka kwenye lori, akaonyesha kiti cha kando ya dereva, akajionyesha kifua, kisha akaonyesha geti. Hapakuhitaji mkalimani. Alitaka Afande atoke nje ya geti kwa nguvu zake mwenyewe, na yeye awe amekaa ndani.

Kuanzia hapo nyumba iligawanyika. Watoto walitaka watoke hivyo hivyo. "Mama, mpaka kwenye kona tu," kijana alisema. "Gia ya kwanza. Hata mtoto atatupita."

"Breki hamna."

"Mama, Baba ana muda gani?" binti aliuliza. "Tutakaa tunangoja mpira, halafu?"

Mkewe alijua hilo kuliko wao. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka kusikiliza pumzi ile ikipita kwenye tundu la shingo. Yeye ndiye aliyebadilisha mito, akazidi kuiinua kadiri siku zilivyokwenda. Lakini nje ya geti barabara inateremka mpaka kwenye njia panda, na watoto wa shule hucheza pale. "Bila breki," alisema, "hatoki mtu hapa. Hata akinichukia."

Wote walimgeukia Taratibu. Alikuwa barazani amefunikwa shuka, kijiko mkononi. Aligonga mkono wa kiti mara moja. Walingoja. Walingoja muda mrefu kuliko kawaida yake. Ya pili haikuja. Basi ikawa ngoja. Mkewe alikwenda kukaa chini karibu na miguu yake, na hapakuwa na aliyelijadili tena jambo hilo.

Mipira ilipatikana mwishoni mwa Septemba. Mteja wa kinyozi, ambaye marehemu baba yake alikuwa fundi wa trekta, aliikuta kwenye kopo la unga wa maziwa ikiwa bado na vumbi lake la kiwandani. Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, familia yote ilikuwa uwanjani. Binti alilala chini ya lori. Kijana alishika chupa ya mafuta. Mkewe alipanda kwenye kiti cha dereva. Taratibu aliketishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya gurudumu la nyuma, spana mkononi, na yeye ndiye aliyegonga. Moja, mkewe akakanyaga. Mbili, taratibu, na pengo lake katikati, akaachia. Gurudumu kwa gurudumu. Alipofikia la mwisho, pedali ilisimama chini ya mguu wa mkewe kama ngazi ya nyumba, haikuzama tena. Alitoa kichwa dirishani. "Baba, imeshika!" Taratibu aliinua spana juu kama mtu aliyeshinda kombe. Walipanga kutoka Jumapili asubuhi. Mkewe alipiga pasi shati la safari.

Jumapili asubuhi hakuweza kusimama. Jirani fundi wa mageti alimpeleka hospitali kwa gari lake. Walipokuwa wakimpitisha kando ya Afande alinyoosha mkono, akaligusa bati la juu ya gurudumu, ukaburuzika mpaka mwisho wake. Shati lilibaki kwenye kiti.

Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Mkewe alikaa naye. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, wagonjwa wengine wakiwa wanatembelewa, mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa juu ya chuma cha kitanda. Kidole chake, chenye pete ya ndoa, kiliinuka kikagonga chuma. Mara moja.

Mkewe alishikilia. Alingoja kama alivyozoea kungoja, akihesabu lile pengo lake analolijua. Muuguzi alikuja, akamwinamia marehemu, akatazama saa ya ukutani. "Mama, pole. Amepumzika." Mkewe aliendelea kuushikilia mkono. Muuguzi akasubiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mwachie mkono sasa."

"Hajagonga."

Muuguzi hakuelewa, na hana lawama. Alivilegeza vidole vyake kimoja kimoja. Mpaka leo mkewe hajui kama ile ilikuwa moja, yaani shikilia, au ilikuwa ya kwanza kati ya mbili. Amelirudia jambo hilo moyoni akishona, akifagia, akimwaga maji ya chai iliyopoa. Hajapata jibu, na anayeweza kumjibu ndiye aliye juu ya lori.

Leo asubuhi Afande alitoka nje ya geti kwa nguvu zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Binti aliendesha. Kwenye mteremko wa njia panda alikanyaga breki, na lori likasimama pale pale alipotaka. Shati la safari ndilo alilovaa marehemu.

Ameacha mjane, mshona nguo. Ameacha kifungua mimba, fundi umeme, na mume wake. Ameacha kitinda mimba, kinyozi, ambaye bado hajaoa na anaomba asiulizwe leo. Ameacha mjukuu mmoja, aliyeamka alfajiri hii akamuuliza Afande kama amekula. Ameacha ndugu wawili, shemeji mmoja asiyeisha habari, jirani mwema, na wenzake wa ghala la vioo, ambao ndio watakaombeba sasa. Familia haina wasiwasi na mikono yenu. Ambianeni neno lake mnaponyanyua.

Jeneza likishateremshwa na kutolewa karibu na magurudumu, kifungua mimba atachukua spana ya baba yake na kugonga chesisi ya lori, ili mama yake ajue kwamba sasa anaweza kuachia. Tafadhali msishtuke, na msianze kuimba. Mama amemwomba agonge kama alivyogonga baba yake, asiharakishe. Kwa hiyo mtasikia moja, halafu kimya. Msidhani amemaliza, na msisogee. Subirini ya pili.

Apumzike kwa amani isiyo na haraka.